Nani Anaingia Klabu ya Magari?

Ukiona msururu wa Subaru ukishuka kuelekea Naivasha wikendi ya Safari Rally, ni rahisi kudhani kwamba haya mashindano yalianzishwa na serikali, ama kampuni fulani ya magari. La. Yalizaliwa kwenye klabu, na watu waliopenda kuendesha gari kuliko kulala nyumbani.

Klabu yenyewe ilianza Nairobi mwaka 1919. Ilikuja kuitwa Royal East African Automobile Association, na leo tunaijua kama AA. Enzi hizo lami ilikuwa kitu adimu. Mwenye gari alihitaji ramani, habari za barabara iliyokatika, na mtu wa kumwokoa akikwama. Hapo ndipo klabu ilipopata kazi.

Miaka ya hamsini ilipoanza, Eric Cecil alijaribu kumshawishi binamu yake, Neil Vincent, ashindane Langa Langa, uwanja wa mbio karibu na Gilgil. Vincent hakutaka kabisa. Kuzunguka kipande kilekile cha barabara kulimchosha. Lakini wakipanga safari ya kuvuka nusu ya Afrika na kurudi, wa kwanza kufika nyumbani awe mshindi, basi wamhesabu. Mwingine angecheka tu. Cecil alilipeleka wazo mbele, na mwaka 1953, Malkia Elizabeth alipotawazwa, Coronation Safari ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Mimi huvutiwa zaidi na sheria zao kuliko hata magari. Gari lilipaswa kuwa la kawaida, kama linavyouzwa dukani, na makundi yaligawanywa kwa bei. Gari la bei nafuu halikulazimishwa kupambana na la tajiri. Mwaka huo wa kwanza hakukuwa hata na mshindi mmoja wa jumla. Kisha kulikuwa na saa: unafika kituo hiki kabla ya muda fulani, ukichelewa unapata adhabu. Ili hilo liwezekane, lazima mtu akae kituoni usiku kucha, na kalamu na karatasi, akingoja taa zitokee gizani. Huyo hapigwi picha. Lakini bila yeye hakuna ralli, kuna watu wanaokimbiza magari tu.

Tusisahau ilikuwa nchi gani. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Waliokuwa wakipanga kufika Kampala na kurudi kwa raha zao waliishi nchi moja na maelfu ya Waafrika waliokuwa wakikamatwa na kufungiwa kambini. Sherehe yenyewe ilikuwa ya malkia wa mkoloni. Klabu ilikuwa na lango, na lango lilikuwa na rangi ya ngozi, hata kama hakuna aliyeliandika kwenye katiba.

Ndiyo maana hadithi ya Joginder Singh hunigusa. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia kwenye mambo ya spana na grisi. Mwaka 1958 aliajiriwa na hiyo hiyo klabu, akawa mtu wake wa kwanza wa doria: kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani akisaidia wanachama ambao magari yao yamezima. Miaka 7 baadaye, mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika. Akashinda tena 1974 na 1976, akiwa na Mitsubishi Colt Lancer. Kati ya Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Fundi wa kuokoa wenye magari ndiye aliyekuja kuwafundisha jinsi ya kuyafikisha nyumbani.

Na hii mapenzi yetu ya Subaru pia ina mizizi. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari akiwa na Subaru. Watoto waliosimama kando ya barabara wakila vumbi lake ndio wazazi wa wengine wetu.

Nayasema haya kwa sababu klabu yetu ndogo hapa Nairobi ilikaribia kuvunjika kwa swali moja. Tulianza tukiwa watu 6 kwenye grupu ya WhatsApp. Tulipopita 10, mmoja akatukumbusha kwamba Sheria ya Vyama inahesabu kundi la watu 10 au zaidi kuwa chama, kwa hivyo twende kwa msajili. Msajili anataka katiba. Katiba inataka ujibu: mwanachama ni nani?

Wengine walisema ni mwenye ndai, period. Lakini kuna kijana wa gereji anayetutengenezea magari yote. Gari hana. Ndiye hufika wa kwanza kila Jumapili, na tukienda Magadi ndiye hukaa kwenye gari la mwisho na sanduku la spana. Jamaa mmoja akauliza, "Sasa yeye atapaki nini?" Watu wakacheka. Kijana alikuwa palepale. Hakucheka.

Nikawasomea historia ya Joginder, kutoka doria hadi 1965. Tukabishana hadi chai ikapoa. Wawili wakatoka kwenye grupu usiku huo, na mmoja kati yao ndiye alikuwa mchangiaji mkubwa, kwa hivyo pengo la pesa bado tunaliziba. Waliobaki walipiga kura.

Kifungu cha 4 cha katiba yetu sasa kinasema mwanachama ni mtu yeyote anayependa magari, anayelipa mchango, na aliye tayari kubaki nyuma na aliyekwama. Kuhusu kumiliki gari, hakisemi lolote. Yule kijana amechaguliwa mkuu wa safari. Jumapili ijayo yeye ndiye atatuambia tuondoke saa ngapi.