Watoto Walivyoingia Mbugani

Ziara ya familia katika hifadhi ya wanyamapori, ambayo leo kampuni za utalii za Arusha na Nairobi huiuza kama jambo la kawaida, ina umri mdogo kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa haikuwezekana kabla ya kuwapo barabara zinazopitika kwa gari na kabla ya watu kukubali kwamba mnyama anaweza kufuatwa porini ili atazamwe tu, bila kupigwa risasi. Mambo hayo mawili yalikutana Afrika Mashariki katikati ya karne ya 20, na yalipokutana, aliyenufaika kwanza ni mtoto wa mgeni. Mtoto wa mwenyeji, ambaye mara nyingi alizaliwa jirani na wanyama hao au hata miongoni mwao, aliingia baadaye na kwa mlango mwingine.

Mwanzoni mwa karne hiyo, kwenda porini kulikuwa na maana ya msafara wa uwindaji. Msafara uliopata sifa kubwa zaidi ni ule wa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, ambaye aliteremka Mombasa mwezi Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19, wakaondoka na wapagazi zaidi ya 200, yaani wachukuzi waliobeba mizigo vichwani kwa mwendo wa miguu, mbali na askari, wapishi na wabeba bunduki. Baba na mwana huyo waliua wanyama 512 kwa risasi zao, na sehemu kubwa ya ngozi na mifupa ikapelekwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Kwa maana finyu hiyo ilikuwa safari ya mzazi na mwanawe, lakini Kermit alikwenda kama mwindaji mwenye bunduki yake. Mtoto mdogo hakuwa na nafasi katika mwendo wa miezi mingi uliopita kwenye malaria na kwenye mbung'o, nzi wanaoeneza ugonjwa wa malale.

Mabadiliko yalikuja tarehe 16 Desemba 1946, ilipofunguliwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza ya aina yake nchini Kenya, baada ya miaka ya kampeni iliyoongozwa na Mervyn Cowie, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa hifadhi za taifa za koloni hilo. Hifadhi hiyo ina eneo la kilomita za mraba 117 tu, lakini udogo wake na ukaribu wake na mji ndivyo vilivyoleta jambo jipya, kwani mzazi aliweza kutoka nyumbani baada ya chakula cha mchana akiwa na watoto kiti cha nyuma, akawaonyesha simba na twiga, na akarudi kabla ya jua kuzama. Wazazi walioweza kufanya hivyo walikuwa hasa walowezi, maofisa wa serikali ya kikoloni na wafanyabiashara wenye uwezo. Kanuni ya kutoshuka garini, ambayo iliwekwa kwa ajili ya usalama na ambayo hakuna mwenye akili angeipinga, ilikuwa pia, bila kuandikwa popote, kanuni ya kuwa na gari, na katika Nairobi ya miaka hiyo familia za Kiafrika zenye gari zilikuwa chache mno.

Serengeti inaonyesha upande mzito zaidi wa historia hiyo. Ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ndani yake waliishi wafugaji wa Kimaasai, ambao watoto wao huanza kuchunga ndama na mbuzi wakiwa bado wadogo sana na hivyo hujifunza mapema nyayo za fisi, tabia za chui na mahali pa kutopita wakati nyati wana ndama. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai waliwekewa mbele makubaliano ya kuhama, wakaweka alama zao, na mwaka 1959 eneo la Ngorongoro likatengwa na hifadhi ili wafugaji waishi huko pamoja na wanyama, huku Serengeti yenyewe ikibaki bila wakazi wake wa zamani. Ni vigumu kuisoma miaka hiyo bila kuona kwamba elimu ya porini ambayo familia za ng'ambo zingekuja kuilipia kwa fedha nyingi ilikuwa ikiondolewa katika maisha ya kila siku ya watoto walioipata bure.

Wakati huohuo Profesa Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walikuwa wakiruka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa mistari ya punda milia, wakihesabu makundi ya wanyama. Michael alifariki Januari 1959, akiwa na miaka 24, ndege hiyo ilipogongana na tumbusi, akazikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Filamu waliyoitengeneza pamoja ilipata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, na baba yake akaendelea kwa miaka mingi kuwahimiza Wajerumani, kupitia kipindi chake cha televisheni, waje kuona wanyama hao kwa macho yao. Mwaka 1966 ilitoka filamu ya Born Free, iliyopigwa nchini Kenya kutokana na kitabu cha Joy Adamson kuhusu simba jike Elsa. Kazi hizo zilitazamwa na familia nzima sebuleni na katika majumba ya sinema, na athari yake ni kwamba mtoto wa Ulaya na Marekani, ambaye hapo awali aliachwa nyumbani, sasa ndiye aliyewasumbua wazazi wafunge safari.

Basi dogo lenye paa la kuinuliwa, ambalo humruhusu abiria kusimama na kutazama akiwa bado ndani ya gari, lilikamilisha kazi hiyo. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kamera ilibaki bila mshindani, na mwaka huohuo mpaka wake na Tanzania ulifungwa hadi 1983, kwa hiyo mzunguko wa zamani uliotoka Nairobi hadi Maasai Mara, Serengeti na Ngorongoro ukakatika, na Arusha ikalazimika kujenga biashara yake yenyewe.

Kuhusu mtoto wa mwenyeji, ahadi ilitolewa mapema. Katika tamko la Arusha la Septemba 1961 kuhusu wanyamapori, ambalo lisichanganywe na Azimio la Arusha la 1967, Julius Nyerere aliahidi kwamba urithi huo ungetunzwa hadi vizazi vya wajukuu waufaidi, ingawa ananukuliwa pia akisema kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kumaliza likizo akitazama mamba. Utekelezaji ulitoka zaidi shuleni kuliko ikulu. Nchini Kenya wanafunzi walianzisha vilabu vya wanyamapori mwaka 1968, vikawa na jarida lao la Komba na mabasi ya kuwapeleka mbugani. Tanzania ilifuata mwaka 1980 na vilabu vya Malihai vyenye makao Arusha. Kwa vizazi kadhaa vya Waafrika Mashariki, ziara ya kwanza hifadhini ilifanywa katika sare za shule, mwalimu akihesabu vichwa langoni, na si pamoja na baba na mama. Wengine hawakuhitaji hata lango, kwa kuwa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa hupita kwa takriban kilomita 50 ndani ya Mikumi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, na abiria aliyekaa dirishani huwaona swala, twiga na tembo kwa nauli ya basi.

Leo hifadhi za Tanzania haziwatozi kiingilio watoto walio chini ya miaka mitano, zinawapunguzia wenye miaka 5 hadi 15, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi viwango vilivyo chini sana ya vile vya wageni, ingawa kodi ya gari na gharama ya malazi bado huzizuia familia nyingi. Kikwazo cha umri kimebaki imara zaidi kwa sokwe wakubwa wa milimani: Uganda, Rwanda na Kongo haziruhusu aliye chini ya miaka 15 kuwafikia, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba mafua na surua, maradhi yanayowapata watoto kwa urahisi, yanaweza kumwambukiza mnyama huyo na kumuua.