Je, Mateso Huleta Ukweli?

Wasomaji wa Kilosa na Mikumi wawajua tembo kuliko watu wa mjini, maana wako walioamka asubuhi wakakuta mahindi yao yamekwisha. Basi watakumbuka jinsi wanyama hao walivyopungua. Katika hesabu ya mwaka 2009, pori la Selous pamoja na mbuga ya Mikumi lilikuwa na tembo 38,975. Mwaka 2013 walionekana 13,084 tu. Majangili waliwaua kwa ajili ya pembe. Serikali iliona uchungu, na mwezi wa Oktoba 2013 ikaanzisha Operesheni Tokomeza, askari wakaenda huku na huku katika nchi kutafuta bunduki na pembe.

Shabaha ilikuwa njema. Lakini hata mwezi haujaisha, malalamiko yalijaa Bungeni, ya kuwa watu wamepigwa na kuteswa, na wengine wamekufa. Tarehe 1 Novemba kazi ile ikasimamishwa. Kamati ya Bunge, ambayo mwenyekiti wake alikuwa James Lembeli, ilichunguza habari hizo, na taarifa yake iliposomwa tarehe 20 Desemba, mawaziri wanne walitoka katika vyeo vyao siku ile ile.

Sasa wako watu, nao si wabaya, wasemao, "Mwizi hasemi ila apigwe." Haya, tufikiri. Mwenye bunduki akipigwa aweza kuionyesha, hilo hatulikatai. Lakini asiye na bunduki ataonyesha nini? Mwenye hatia anao mlango wa kutokea. Asiye na hatia hana mlango ila kutunga uongo. Basi atataja jina, na aghalabu litakuwa la jirani waliyegombana naye kwa sababu ya mpaka wa shamba, au ng'ombe walioingia mahindini. Na jirani atakamatwa, atapigwa, naye atataja mwingine. Yule apigaye hawezi kupambanua, kwa kuwa kilio cha mkweli na cha mwongo ni kimoja.

Jambo hili lilionwa zamani na padre wa Ujerumani, jina lake Friedrich Spee. Siku zile watu walichomwa moto kwa uchawi, baada ya kuteswa mpaka wakiri na kuwataja wenzao. Mwaka 1631 kitabu chake kilipigwa chapa, bila jina lake, naye alionyesha humo ya kuwa mateso yenyewe ndiyo yaliyowazidisha wachawi: kila aliyeteswa alizaa wengine, wala hesabu haikuwa na mwisho.

Wadachi walipotawala nchi yetu hawakuwa wageni wa elimu hiyo. Amri ya Chansela ya tarehe 27 Februari 1896 ilikataza kumtesa mwenyeji ili akiri mbele ya hukumu. Lakini amri ya Aprili mwaka ule ule iliruhusu kiboko kiwe adhabu, mapigo 25 kwa mara moja, ndiyo hamsa ishirini ya wazee wetu. Ni vigumu kusadiki ya kuwa mkono uliozoea kupiga baada ya hukumu ulisita kabla yake.

Wala tusiwasingizie wageni peke yao. Mwaka 1976, katika Mwanza na Shinyanga, watu wengi walikamatwa kwa ajili ya mauaji yaliyohusu uchawi, wakateswa ili waseme, na baadhi yao wakafa mikononi mwa waliowashika. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa yeye mwenyewe hakumpiga mtu. Na tangu 1984 Katiba, ibara ya 13, imekataza mtu kuteswa.

Je, biashara ya pembe? Yang Fenglan, mwanamke wa China aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi, alikamatwa mwaka 2015, na Februari 2019 mahakama ilimfunga miaka 15 kwa biashara hiyo. Operesheni ya vijijini ilidumu siku zisizotimia mwezi. Wapelelezi walimfuatia mama huyu zaidi ya mwaka mmoja.