SOKO LA MADINA NA MACHUNGWA YA MUHEZA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wengi mnaniuliza: "Ustadh, sisi wa mitaji midogo tutashindana vipi na wenye malori na maghala?" Jibu lipo kwenye historia. Tuanzie nyumbani, Muheza.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, nayo ndiyo mama wa mashamba ya mkonge ya Tanga. Mwaka 1896 reli kutoka Tanga ikafika Muheza. Kufikia 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Kisha zikaja kamba za plastiki. Bei ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na usimamizi ukayumba. Miaka ya 1990 tukawa chini ya tani 40,000.

Ndugu yangu, mkonge haukuharibika. Soko lilihama, sisi tukabaki na nyuzi zilezile. Baadaye pale Hale, jirani zetu, taka za mkonge zilizokuwa zikitupwa zikaanza kuzalisha gesi na umeme. Riziki ilikuwa imelala kwenye jalala!

Sasa twende Madina, mwaka 622. Muhajirina wameingia mikono mitupu. Soko kubwa ni la Banu Qaynuqa. Saad bin Rabii (R.A) anamwambia Abdurrahman bin Auf (R.A) achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman anamwombea baraka, kisha anaomba jambo moja tu: aonyeshwe soko liko wapi. Akaanza na jibini na samli, akirudi kila siku, mpaka akawa miongoni mwa matajiri wa Madina. Hakuanza na mtaji mkubwa. Alianza kwa kulijua soko.

Mtume (S.A.W) naye aliweka adabu za ushindani:

1. Alikataza kuulaki msafara njiani kabla haujafika sokoni, ili mwenye mali asinunuliwe kwa bei ya kutojua.

2. Alikataza kupandisha bei kwa hila bila nia ya kununua, na kuingilia biashara ya nduguyo.

3. Aliingiza mkono kwenye lundo la chakula, akakuta chini kumelowa, akamkemea mwenye nalo. Wewe unayepanga machungwa mazuri juu ya tenga na mabovu chini, hadithi hiyo inakuhusu. Na mwenye lumbesa ajihesabu pia.

4. Alikataza kuuza matunda mtini kabla ubora wake haujaonekana.

Hapa ndipo penye kidonda chetu. Wapo ndugu zetu wanaouza shamba la michungwa likiwa bado na maua, kwa sababu ada ya mtoto inadaiwa leo. Mnunuzi anakadiria kwa macho. Mvua ikikubali, mkulima analia. Ikikataa, mnunuzi analia. Kila mmoja amecheza kamari na mwenzake.

Je, Uislamu ulimwacha mkulima bila njia? Hapana. Mtume (S.A.W) aliwakuta watu wa Madina wakilipana mapema kwa matunda ya mwaka mmoja au miwili. Hakuifunga biashara hiyo. Aliirekebisha: iwe kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Ndiyo bai salam. Bei inalipwa yote papo hapo, na kinachouzwa ni kilo za machungwa ya aina na ubora uliotajwa, si matunda ya mti ule pale.

Tazama ubunifu huo! Mkulima anapata fedha, mnunuzi anajua haki yake, dhulma imefungiwa mlango.

Kwa hiyo, mfanyabiashara mdogo, usishindane kwa kushusha bei mpaka ufilisike. Chambua machungwa kwa madaraja. Uza kwa mizani. Ungeni watano mkodi gari moja. Kamua juisi kwa usafi. Mteja akikuamini, mwenye lori hawezi kumnunua kirahisi.

Na wewe uliyejaaliwa fedha: jirani akija na shida msimu wa maua, usimnunulie maua yake. Mkopeshe karadha njema bila riba, au ingia naye salam ya haki.

Allah atubarikie mizani zetu na atulishe halali. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzio aliyeko sokoni.