Tathmini ya hatari za kiikolojia katika mazoezi ya kijeshi

Tathmini ya hatari za kiikolojia ni utaratibu wa kukadiria uwezekano na ukubwa wa madhara ambayo mazoezi ya kijeshi yanaweza kuwaletea wanyamapori na makazi yao, yaani maeneo wanamopata chakula, maji na mahali pa kuzaliana. Wataalamu hubainisha kwanza visababishi, kama vile kelele za helikopta, vifaru vinavyoshindilia udongo na mabaki ya baruti, kisha huchunguza mfiduo, yaani kiwango cha viumbe kukumbana na visababishi hivyo, na hatimaye hupima athari zinazotokana navyo. Moto ni kisababishi kingine kikubwa: Machi 2021, mazoezi ya jeshi la Uingereza katika hifadhi ya Lolldaiga, Laikipia, nchini Kenya, yaliambatana na moto ulioteketeza maelfu ya ekari.