Kutoka Amani hadi Muleba: Historia ya Utambuzi wa Virusi vya Michirizi ya Kahawia ya Muhogo

Historia ya virusi hivi imezoeleka kusimuliwa kutokea mashariki. H. H. Storey, akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia mwaka 1936 na kuunasibisha na virusi. Mwaka 1950 Nichols aliuhesabu kuwa ugonjwa wa nyanda za chini, na mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari zikawa mpaka ambao wachache waliutilia shaka. Kwa hesabu hiyo Bukoba na Muleba, ambako hata maji ya Ziwa Victoria yako kwenye mita 1,134 hivi, zilikuwa salama.

Hesabu hiyo ilikuwa na gharama. Batobato, ambayo aina yake kali iliingia Kagera kutoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, huonekana upesi: majani hujikunja na kuwa na mabaka ya manjano. Michirizi ya kahawia hujificha. Shina huweza kuonekana zima, majani ya chini yakawa na umanjano hafifu tu, na mkulima akagundua siku ya kuchimba kwamba ndani ya muhogo mna uozo mkavu. Kwa kaya ambayo kibanja chake kilipatwa na mnyauko wa migomba, ulioripotiwa Muleba mwaka 2006, muhogo ndio uliokuwa akiba. Tena pingili za shina lile zima huwa zimekwisha kugawiwa majirani.

Mwaka 2009 Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walichapisha jenomu kamili ya virusi hivi, yenye nukleotidi 9,069. Sampuli ilitoka Muleba, ikapewa alama MLB3. Humo mlikutwa jeni ya HAM1, isiyotarajiwa katika familia ya Potyviridae, ambayo ndiyo pia ya virusi vinavyochora michirizi kwenye maua ya tulipu. Ilibainika vilevile kwamba virusi vya ukanda wa ziwa vinatofautiana na vya mwambao, na kufikia mwaka 2010 vilitenganishwa kuwa spishi mbili. Spishi ya ziwa ikapewa jina la Uganda. Muleba ikabaki herufi tatu ndani ya alama ya sampuli, jambo ambalo wanahistoria wa sayansi nchini hawajalipa uzito unaostahili.

Mwaka 2017 jeni ya namna hiyo iliripotiwa katika virusi vya euforbia, ua la mapambo lililo katika familia moja na muhogo. Kwa maoni yangu, mtafiti atakayechukua sampuli Bukoba leo hana sababu ya kuishia kwenye mihogo na kuyapita maua yaliyopandwa uani.