Vyombo vya Kupakata

Mswahili akisikia neno duma, humjia yule mnyama mwenye mbio. Martin Kanja na Sam Karugu, vijana wawili wa Nairobi waliolichagua kuwa jina la bendi yao, walikuwa na Kikuyu kichwani, ambako maana yake ni giza. Katikati ya mwaka 2019 walikaa Kampala miezi mitatu, katika studio ya lebo ya Nyege Nyege, wakirekodi albamu yao ya kwanza. Ni hevi metali ya kasi ya ajabu, uimbaji wake ni kunguruma na kupiga mayowe, na haina mpiga ngoma. Jukwaani Karugu alishika gitaa na kompyuta, Kanja maikrofoni. Ngoma zote zilikuwa ndani ya kompyuta.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa bendi nzima. Ingeweza kupakata vyombo vyake magotini kutoka Nairobi, ikateremka Busia kugongewa pasipoti, ikaendelea na safari.

Wanamuziki waliofika Kampala miaka ya 1970 hawakusafiri kwa wepesi huo. Bendi ya dansi ilihitaji gitaa la solo, la rithim na la besi, tumba, dramu, saksafoni, tarumbeta, na waimbaji wawili watatu. Vyombo mara nyingi havikuwa vyao. Palikuwa na tajiri aliyevinunua, na katika muziki wa dansi wa Afrika Mashariki mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Mkikosana naye mnaondoka na sauti zenu tu, mkatafute tajiri mwingine katika mji mwingine. Ndiyo maana bendi za enzi hizo zilivunjika na kuzaliwa upya kila kukicha.

Kampala ilikuwa na kumbi za kuwapokea. Suzana ya Nakulabye na White Nile ya Katwe zilikuwa zimejijengea jina tangu miaka ya 1960, na wenyeji walikuwa na Cranes Band, ambayo baadhi ya wanamuziki wake, Moses Matovu akiwamo, waliunda Afrigo Band mwaka 1975. Mwaka huo huo Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, aliingia Uganda akitokea Zaire na kuanzisha Les Kinois. Mzee Makassy naye, Mkongo mwenzake, alianzia Kampala na Orchestra Makassy yake.

Hawakudumu. Serikali ya Idi Amin ilikuwa imewafukuza Waasia mwaka 1972 na biashara ikadorora. Usiku ukawa mali ya wanajeshi na vizuizi vyao vya barabarani. Muziki wa dansi huishi kwa usiku. Makassy alihamia Dar es Salaam, ambako baadaye Remmy Ongala alijiunga naye. Les Kinois walikwenda Nairobi mwaka 1977. Huko kulikuwa na studio, kiwanda cha kufyatua santuri na wafanyabiashara waliojua kuziuza, na huko ndiko Mapangala alikoiunda Orchestra Virunga mwaka 1981. Kampala ikabaki kituo cha njiani: bendi ilipumzika, ikapiga, ikasonga mashariki.

Afrigo walibaki, na mpaka leo wapo, jambo ambalo peke yake linastahili kitabu. Na waliokosa bendi walikuwa na njia nyingine, ya zamani zaidi: kadongo kamu, yaani kigitaa kimoja. Mtu mmoja, nyuzi sita na kisa kirefu cha kusimulia. Waganda walijua kuipunguza bendi hadi ikaenea mikononi mwa mtu mmoja muda mrefu kabla ya kompyuta.

Duma walikuja kinyumenyume. Nairobi ndiyo iliyokuwa na kundi la mashabiki wa metali na bendi kama Last Year's Tragedy, wapigaji wa metalikoo, ule mchanganyiko wa hevi metali na panki kali. Kampala ilikuwa na Vale of Amonition, waliojitosa mwaka 2009 na metali ya mwendo mzito, wakipigia masikio machache. Hata hivyo, safari hii mwanamuziki wa Nairobi ndiye aliyefunga mizigo kwenda Kampala kutafuta studio.

Kilichomvuta ni tamasha lililoanza mwaka 2015 Jinja, kando ya Nile, na lebo iliyozaliwa nalo. Waandaaji husema jina Nyege Nyege linatokana na Kiganda, hamu ya kucheza isiyozuilika. Mswahili wa pwani akiliona kwenye bango hugeuka kwanza kuangalia kama wakwe wapo karibu. Mwaka 2018 waziri wa maadili, Simon Lokodo, alilipiga marufuku tamasha hilo; baada ya mazungumzo serikalini likafanyika. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Bunge kulizuia, na Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akaliruhusu kwa masharti. Tajiri wa vyombo hayupo tena, lakini mwenye kibali yupo, na mara nyingi husema neno lake wakati wageni wameshakata tiketi za ndege.

Albamu ya Duma ilitoka Agosti 2020. Huko Ulaya wachambuzi waliisifu sana. Kumbi za Kampala zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, na ziliruhusiwa kufungua tena tarehe 24 Januari 2022. Kwa karibu mwaka mmoja na nusu kelele zilizorekodiwa mjini humo zilisikika popote penye intaneti, huku spika za kumbi za mji wenyewe zikipigwa vumbi.