Amplifaya ya Besi: Faida na Hatari za Kuibadilisha
Tunapoadhimisha jubilii hapa Kimumu, tukumbuke kuwa vyombo navyo vina historia. Mwaka 1962, duka la Jim Marshall jijini London lilitengeneza amplifaya yake ya kwanza kwa kuiga Bassman, amplifaya ya besi ya Fender kutoka Marekani. Mabadiliko machache yakazaa mlio mpya uliopendwa duniani. Lakini hatari ipo: kapasita huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa waya. Tena, spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4, na amplifaya isiyomudu huungua. Ndiyo maana wapiga besi wetu wakitaka mlio mzito, omu hupimwa kwanza, na kifuniko hufunguliwa na fundi.